Kibali cha ujenzi katika mji mdogo: nianzie wapi ikiwa kiwanja changu hakijapimwa?

Mwalimu wa Milimani

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninaomba ushauri wa watu waliowahi kuomba kibali cha ujenzi katika miji midogo, yaani ile iliyo bado chini ya halmashauri ya wilaya, kwa kuwa maelezo mengi ninayokutana nayo yanawahusu wakazi wa Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma, ambako viwanja vina namba na ofisi haziko mbali.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika mji mdogo mmoja wa Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 2021 nilinunua kiwanja cha hatua 25 kwa 30 kutoka kwa mzee aliyekuwa akilima mahindi hapo, na mauziano yetu yaliandikwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, mashahidi wanne na watoto wawili wa mzee huyo. Sina hati miliki, sina barua ya toleo, yaani ile ya ofisi ya ardhi ya kumpa mtu kiwanja, wala sijawahi kuona bikoni yoyote (jiwe la mpaka la wapima) mahali pale. Mpaka wangu wa juu ni mparachichi, wa chini ni mfereji, na pande mbili zilizobaki ni minyaa aliyoipanda mzee kwa mkono wake. Ninakusudia kujenga nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, isiyo ya ghorofa, ili mama yangu ahame kijijini akae karibu na kituo cha afya, kwa sababu miguu inamsumbua na kliniki yake ni ya kila mwezi.

Nimekwisha kununua tripu mbili za mawe na matofali ya kuchoma 6,000, na fundi ananihimiza tuchimbe msingi kabla ya mvua za Novemba. Hapo ndipo ninapokwama. Majirani wananiambia kwamba kibali ni mambo ya mjini na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukiomba. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ninamheshimu sana, alinielekeza kwa mtendaji wa mji. Nilipokwenda sikumkuta, lakini kijana mmoja aliyekuwa nje ya ofisi alinieleza kwamba nikimpa shilingi 80,000 ataniandikia karatasi ya kuanzia ujenzi, na kibali chenyewe kitafuata baadaye. Sikumpa, ila niliondoka na wasiwasi. Ramani ya nyumba niliinunua kwa njia ya simu. Imechorwa kwa rangi na inapendeza, lakini haina jina la aliyeichora.

Ninaomba kueleweshwa mambo matatu. Je, kibali kinamhusu kweli mtu kama mimi, mwenye karatasi ya mauziano peke yake? Nianzie ofisi gani? Na je, nikichimba msingi huku nikiendelea kufuatilia, nitakuwa nimekosea?

Mstaafu wa Ardhi

Mwalimu, hongera kwa kumtunza mama, na hongera pia kwa kuzuia hizo 80,000. Nilitumikia idara ya ardhi ya halmashauri moja ya wilaya hadi nilipostaafu, kwa hiyo uniwie radhi nikikujibu kwa urefu; jambo hili likijibiwa kwa kifupi ndipo watu wanapoumia.

Mji mdogo si manispaa iliyopunguzwa ukubwa. Ni mamlaka inayoundwa ndani ya halmashauri ya wilaya, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, na aghalabu huwa umetokana na vijiji viwili au vitatu vilivyokua kando ya barabara au mnada mpaka vikagusana. Ukipita Kibaigwa penye soko la mahindi, Ilula penye nyanya, au Mombo inapoanzia barabara ya kupanda Lushoto, utaona jambo hilo kwa macho: maduka yamebanana barabarani, na nyuma yake kuna mashamba. Tangazo la serikali linaweza kubadilisha jina la mahali kwa siku moja, lakini ardhi iliyo chini yake haibadiliki siku hiyo hiyo. Ndiyo maana katika mji mdogo mmoja unaweza kukuta sehemu iliyopimwa yenye namba za viwanja na vitalu, sehemu yenye mchoro wa mipango miji ambayo wapima hawajaifikia, na sehemu ambayo bado ni ardhi ya kijiji, inayosimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ambako mtu hupewa hati ya hakimiliki ya kimila.

Swali lako la kwanza, kwa hiyo, linategemea umeangukia sehemu ipi. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inamkataza mtu kuendeleza ardhi iliyo ndani ya eneo lililotangazwa kuwa eneo la mipango bila kupata ridhaa ya mamlaka ya upangaji. Eneo likishatangazwa, katazo hilo linakuhusu hata kama hakijapimwa kiwanja chako wala cha jirani yako, na hata kama mtaa mzima umejengwa bila kibali. Majirani zako hawakudanganyi. Wanakueleza jinsi walivyoishi. Lakini wao walijenga wakati ule, na wewe unajenga sasa.

Ofisi ya kuanzia ni ya ardhi na mipango miji katika makao makuu ya halmashauri ya wilaya, hata kama unapitia kwanza kwa mtendaji wa mji kupata barua ya utambulisho, kwa sababu wataalamu na michoro kwa kawaida viko huko. Na ukifika, usianze kwa kuuliza bei ya kibali. Omba uoneshwe mahali kiwanja chako kilipo katika mchoro wa mipango miji. Ili waweze kukuonesha, omba mpima au fundi sanifu wa upimaji aende nawe kiwanjani kuchukua vipimo vya mahali katika pembe zote nne, vile ambavyo wapima wenyewe huviita koodineti. Mparachichi na minyaa ni mipaka halali kati yako na majirani, lakini mchoro hauvijui.

Nitakupa sababu. Nakumbuka mama mmoja aliyetujia na karatasi yake ya mauziano aliyoikunja mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Tuliutandaza mchoro mezani, tukatafuta njia panda ya kanisa ambayo yeye aliifahamu, tukapima kwa rula kutoka pale. Kiwanja chake kiliangukia nusu katika makazi na nusu katika barabara ya kuingilia mtaani. Msingi alikuwa amekwisha kuumwaga zege wiki mbili nyuma, na vyumba viwili kati ya vinne vilikuwa barabarani. Alikaa kwenye benchi letu muda mrefu bila kusema neno. Angefika mwezi mmoja kabla, tungemwambia asogeze nyumba hatua kumi tu kuelekea kilimani, na nafasi alikuwa nayo.

Ukikuta kiwanja kiko salama katika makazi, ndipo uingie katika maombi yenyewe. Halmashauri siku hizi hupokea maombi ya vibali kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri, kwa hiyo uwe na namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na ukishindwa kuingia, maofisa wakusaidie palepale ofisini. Utahitaji uthibitisho wa umiliki. Penye hati au barua ya toleo hakuna mjadala. Pasipo na hati, halmashauri nyingi hupokea hati ya kimila, au mkataba wa mauziano ukiambatana na barua ya viongozi wa eneo, lakini uliza wilaya yako inapokea nini kabla hujatoa nakala. Kama kiwanja kinadaiwa kodi ya pango la ardhi, watataka stakabadhi ya malipo. Halafu kuna michoro ya jengo, na hapo ramani yako ya rangi ndipo itakapokuangusha: mchoro wa kibali unatakiwa kuonesha jina la mwenye kiwanja, jina na ujuzi wa mchoraji, nyumba ikitazamwa kutoka juu, kutoka mbele na ubavuni, na ikiwa imekatwa ili msingi na paa vionekane, ukubwa wake kwa mita za mraba, sehemu ya kiwanja itakayofunikwa na jengo, umbali wa kila ukuta kutoka mpakani, na mahali pa choo na shimo la maji taka. Kwa ghorofa ungeongezewa michoro ya mihimili na nguzo iliyotayarishwa na mhandisi aliyesajiliwa. Kwa nyumba yako hilo halipo.

Mchoro husomwa na afisa mipango miji, mpima, mhandisi na afisa afya, kila mmoja kwa jicho lake, na jengo la biashara au la watu wengi hupitiwa na zimamoto pia, kisha maombi huingia katika kamati ya vibali. Ada imewekwa katika sheria ndogo za halmashauri yako, na hulipwa kwa ankara yenye namba ya kumbukumbu ya malipo, benki au kwa simu, ukapata stakabadhi ya kielektroniki. Fedha ya serikali haipokelewi nje ya mlango. Hakuna kitu kinachoitwa karatasi ya kuanzia ujenzi.

Kuhusu kuchimba msingi kwanza: tafadhali usichimbe.

Fundi wa Ukutani

Mwalimu, mimi ni fundi mwashi, nina miaka 19 katika kazi hii, na ninaunga mkono aliyosema mzee wetu hapo juu. Ninaongeza mambo ambayo fundi wako angepaswa kukueleza kabla ya kukuhimiza.

Umesema kiwanja ni hatua 25 kwa 30. Hatua za nani? Mzee mfupi akitembea shambani kwenye matuta, hatua zake 25 zinaweza kutoka mita 17 au 18 tu. Nimeshuhudia mtu akinunua ramani ya nyumba yenye upana wa mita 15, na siku ya kupiga kamba tukakuta kwamba ukuta wa chumba cha wageni ungeingia ndani ya ua wa jirani. Azima futi kamba ya mita 50, twende pembe kwa pembe, pamoja na majirani wa pande zote wakiwepo, na upime pia kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, kwa sababu kiwanja cha minyaa huwa hakina pembe mraba hata siku moja.

La pili ni mteremko. Juu una mparachichi na chini una mfereji, maana yake kiwanja kinashuka. Ramani za kwenye simu zote zimechorwa kana kwamba ardhi ni meza. Kwenye mteremko, msingi wa upande wa chini unaweza kupanda mita moja na nusu kabla hujafikia usawa wa jamvi, yaani zege la sakafu, na hizo tripu mbili za mawe zitaisha kabla hujamaliza ukuta mmoja. Mchoraji akija kiwanjani akauona mteremko anaweza kukulaza nyumba kwa urefu kufuata usawa wa kilima badala ya kuishusha, na hapo peke yake unaokoa fedha nyingi kuliko utakazomlipa. Kwa nyumba ya chini kama yako, fundi sanifu wa majengo anaweza kuifanya kazi hiyo, lakini uliza kwanza ofisini wanapokea michoro ya nani, kwa sababu kila halmashauri ina msimamo wake.

Usiogope mvua. Mawe hayaozi, na matofali yaliyoiva sawasawa hayadhuriki kwa msimu mmoja. Kitu ambacho hupaswi kununua mapema ni saruji. Msingi uliochimbwa ukaachwa wazi ukaingia maji, huo ndio hasara, kwa maana kingo zinabomoka na udongo wa chini unalainika, na itabidi uchimbe upya kwa kina zaidi.

Mama Duka Barabarani

Dada Mwalimu, naomba nikueleze yaliyonipata, kwa sababu mimi pia niliamini karatasi ya mauziano.

Nilinunua kipande cha ardhi kando ya barabara kuu katika mji mdogo, mkoa mwingine si wa kwako, nikajenga fremu mbili za maduka. Karatasi yangu ilikuwa na mihuri miwili. Nilijenga mchana, viongozi walipita, wengine walinunua sukari kwangu. Mwaka wa pili, asubuhi moja nilipofika kufungua nikakuta alama ya X nyekundu kwenye ukuta, kubwa kama mlango, na chini yake tarehe. Rangi ilikuwa bado haijakauka vizuri, ilikuwa inachuruzika kwenye matofali. Nilisimama pale na funguo mkononi nikiwa sijui nifungue au nisifungue.

Kwa barabara kuu na barabara za mkoa, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza. Fremu zangu zilikuwa mita 21. Niliambiwa kwamba sistahili fidia kwa kuwa niliikuta barabara, wala barabara haikunifuata. Niliezua bati mwenyewe pamoja na wanangu, tukang'oa kenchi moja moja ili tusipoteze mbao, na kuta tukaziacha. Muhuri wa kitongoji ulishuhudia kwamba nilinunua. Haukushuhudia kwamba niliruhusiwa kujenga. Hilo nililielewa nikiwa nimeshika nyundo.

Wewe hukusema kiwanja chako kiko umbali gani kutoka barabarani. Kama ni karibu, pima kuanzia katikati ya lami, si kuanzia ukingoni, na usisahau kwamba njia ndogo za mtaani nazo zina hifadhi yake katika mchoro wa mji, hata ile inayoonekana leo kuwa ni njia ya ng'ombe.

Bwana Afya

Ninauliza jambo moja ambalo sijaona likiulizwa: huo mfereji ni wa namna gani? Kama ni mfereji wa maji ya mvua uliochimbwa na watu, ni suala la kuacha nafasi na kuelekeza maji vizuri. Kama ni kijito kinachotiririka, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na hapo kiwanja chako chote kinaweza kuwa ndani ya zuio hilo, jambo ambalo ni afadhali ulijue kabla ya kulipia mchoro.

Pia angalia kisima cha karibu kiko wapi, chako au cha jirani. Watu wengi huchora choo na shimo la maji taka nyuma ya nyumba kwa mazoea, na katika kiwanja cha mteremko nyuma ya nyumba ndiko kunakoelekea kisima cha mwenzako. Afisa afya atakaposoma mchoro wako atakitafuta kisima hicho kwanza.

Mkazi wa Kitongoji cha Juu

Nimeyasoma majibu yote kwa heshima, na sipingi ukweli wake. Ninachotaka kisemwe ni kwamba mwananchi wa mji mdogo hakatai kibali kwa ukaidi. Kwetu, kutoka kitongojini hadi makao makuu ya wilaya ni safari ya gari mbili. Ukienda ukaambiwa mhusika yuko safarini, umepoteza siku na nauli. Ukirudi mara ya tatu, fedha ya mabati imeanza kuliwa na nauli.

Na kuna dhuluma nyingine iliyonipata mimi mwenyewe. Niliomba kibali nikajibiwa kwa mdomo kwamba eneo letu halijapangwa, kwa hiyo kibali hakiwezi kutolewa. Nilingoja miaka miwili huku nikilipa kodi ya nyumba ya kupanga. Nilipojenga, nikaletewa notisi kwamba nimejenga bila kibali. Mtu afanye nini katikati ya majibu hayo mawili? Kilichonisaidia ni kwamba safari ya pili nilikuwa nimeandika barua ya maombi, nikagongewa muhuri wa kupokelewa katika nakala yangu. Nilipoitoa nakala ile, mazungumzo yalibadilika, na ofisi ikakubali kuja kukagua badala ya kubomoa. Kwa hiyo, Mwalimu, usiombe chochote kwa mdomo, na ukijibiwa kwa mdomo omba jibu hilo kwa maandishi, ukieleza kwa adabu kwamba unahitaji kulihifadhi.

Baadaye tulifanya jambo ambalo lingefaa kufanywa mapema. Tuliitisha mkutano wa kitongoji, tukaandika muhtasari na orodha ya kaya zinazotaka kurasimishiwa makazi, yaani eneo lipangwe na kutambuliwa rasmi, tukaupeleka kwa mkurugenzi mtendaji wa halmashauri kupitia kwa mtendaji wa mji. Afisa mipango miji alikuja mara moja kwa ajili ya watu wote, badala ya kila mmoja wetu kumfuata peke yake. Haikwenda haraka, na palikuwa na ugomvi mkubwa pale ilipobidi baadhi ya watu kukatwa kipande ili njia ipite, lakini leo tuna mchoro.

Mstaafu wa Ardhi

Ndugu Mkazi, umesema kweli, na mimi niliyekaa upande wa pili wa meza sina la kujitetea. Kumwambia mtu kwamba hapawezi kutolewa kibali, halafu kumwadhibu kwa kutokuwa nacho, ni kosa la ofisi. Nilipokuwa kazini tulikuwa maofisa mipango miji wawili kwa wilaya nzima na gari moja la kugawana na idara nyingine, na bado naamini tungeweza kuwajibu watu kwa maandishi. Karatasi haikuhitaji mafuta ya gari.

Mwalimu, fuata ushauri wake wa muhuri wa kupokelewa. Pia, jengo likianza, waarifu wakague msingi kabla ya kumwaga zege, na ukimaliza omba idhini ya kulitumia jengo. Watu wengi huishia kwenye kibali tu.

Mwalimu wa Milimani

Ndugu zangu, ninarudi baada ya wiki tano kuwapa mrejesho, na ninawashukuru kila mmoja.

Nilitumia likizo kwenda makao makuu ya wilaya. Safari ya kwanza sikumkuta mhusika, lakini niliacha barua na nakala yangu ikagongwa muhuri, kama nilivyoelekezwa. Safari ya pili nilipokelewa vizuri sana. Eneo letu lilitangazwa kuwa eneo la mipango, na mchoro upo, isipokuwa upimaji haujafika kitongojini. Fundi sanifu wa upimaji alikuja kiwanjani na kifaa chake, tukazunguka pembe zote. Hatua 25 za mzee zilitoka mita 18 na nusu. Fundi wa Ukutani, nilikukumbuka pale pale.

Mfereji ni wa kuchimbwa, ulichimbwa zamani kutoa maji shambani, hilo lilitupa nafuu. Lakini upande wa minyaa ya kushoto mchoro unaonesha njia ya kuingilia mtaani, na inakula mita nne za kiwanja changu kutoka juu hadi chini. Niliumia, sitaficha. Pale ndipo fundi alipokuwa amekusudia kuanzia msingi, na mambo za mbao, yaani vigingi, alikuwa amekwisha kuzichomeka. Tulizing'oa jioni ile ile. Mzee aliyeniuzia alikuja, akasimama akitazama, kisha akasema yeye aliuza alichokuwa anakijua. Nilimwamini, na bado namsalimu kila siku.

Mchoro mpya umechorwa na fundi sanifu ambaye ofisi ilithibitisha kwamba michoro yake inapokelewa. Nyumba imegeuzwa, sasa inalala kufuata usawa wa kilima, chumba cha mama kiko upande wa juu ambako hakuna ngazi, na choo kimehamishwa mbali na kisima cha jirani. Maombi yameingia katika mfumo, ankara nimeilipa kwa simu, na nimeambiwa yatasomwa kamati itakapokaa. Kwa hiyo mvua zitanikuta sijachimba.

Fundi wa Ukutani, ninaomba nikuulize jambo moja la mwisho: matofali yangu yamepangwa chini ya mparachichi, juu ya udongo. Nikiyafunika kwa nyasi na turubai yatafika Aprili yakiwa salama?

Fundi wa Ukutani

Yatafika, Mwalimu, lakini usiyaache juu ya udongo. Panga mawe yako chini kwanza, safu moja, kisha matofali juu yake, ukiacha nafasi kidogo upepo upite. Na yaondoe chini ya mparachichi. Majani yakidondoka na kuoza yanashika unyevu, na tofali la safu ya juu ndilo litakaloanza kumeguka.